Mtoto anayenyosha mkono mlangoni: masomo ya watoto wa jamaa zinazosafiri



Katika parokia moja karibu na ziwa, nilipokuwa padri mpya, mtoto wa miaka tisa ao kumi alianza kukaa mlangoni mwa kanisa kila siku ya Mungu kisha Misa. Alinyosha mkono, hakusema neno. Siku tatu za Mungu nilimpa feza kidogo, nikarudi nyumbani na moyo mweupe, kama mtu aliyetimiza wajibu wake. Siku ya nne katekista wetu mzee aliniuliza:

« Padri, mtoto huyu unajua ametoka wapi? »

« Sijui, mzee. »

« Mimi namjua. Baba yake ni mvuvi. Walifika kambini mwezi wa kwanza. Mama yake alimpeleka kwenye masomo. Wakamwomba karatasi ya alama ya pale alipotoka. Hakuwa nayo. Wakamwambia angoje mwaka mpya. Ndiyo sababu unamwona hapa. »

Masomo yale yalikuwa ya Eklezia. Basi, mbele ya kufika mlangoni mwa kanisa, mtoto yule alikuwa amekwisha kurudishwa kwenye mlango wetu mwingine. Nilikuwa namlipa kwa mkono wa kuume, nisijue yale ambayo mkono wa kushoto umemnyima.

Ndilo neno ninalotaka kueleza hapa: mara nyingi, mtoto mwombaji wa jamaa inayosafiri hakuyakataa masomo, masomo ndiyo yasiyomngoja. Kusudi tuelewe vizuri, tutazame kwanza Ulaya, kwa taifa linaloitwa Warom. Huko swali hili lina mamia ya miaka, na watu wamejaribu kila dawa, mbaya na njema. Mwenye hekima hungoji kuumwa ndipo aulize dawa.

1. Warom ni watu gani?

Wao wenyewe hujiita « Rom ». Kwa lugha yao ni mtu, mwanaume mwenye nyumba. Tusiwachanganye na wenyeji wa mji wa Roma: jina linafanana, lakini ni mambo mawili. Wafaransa waliwaita « Tsiganes » ao « Gitans », Waitalia « Zingari ». Babu zao walitoka kaskazini ya Uhindi karibu miaka elfu iliyopita. Lugha yao inashuhudia, kwa kuwa ni ndugu ya lugha za Kihindi. Mwaka 1427 kundi moja lao lilifika Paris, nao walisema kwamba ni mahujaji. Leo Warom wa Ulaya wanahesabiwa kuwa karibu milioni 10 mpaka 12.

Tusahihishe mara moja kosa la watu wengi: Warom walio wengi leo hawasafiri. Wanakaa katika vijiji na miji, katika Romania, Hungaria, Slovakia, Hispania na kwingine. Wanaosafiri ni wachache, na katika njia za Ulaya wako pia wasafiri wasio Warom, kama Wayenishi wa Uswisi. Wengine walisafiri kwa ajili ya kazi: kuuza farasi, kutengeneza masufuria, kusuka vikapu, kupiga muziki. Wengine walisafiri kwa sababu walifukuzwa kila walipofika. Tukiona mtu njiani, tusiseme upesi « anapenda kutangatanga ». Tuulize kwanza nani alimtoa alipokuwa amekaa.

Historia yao ina mateso makubwa. Katika Wallachia na Moldavia, nchi ambazo leo ni sehemu ya Romania na jirani yake, Warom walikuwa watumwa. Mabwana zao walikuwa mfalme, matajiri, hata monasteri za wamonaki. Utumwa huo uliisha kabisa mwaka 1855 katika Moldavia na mwaka 1856 katika Wallachia. Katika vita kubwa ya pili, utawala wa Hitler uliwaua maelfu na maelfu yao. Katika Ufaransa walifungwa katika makambi. Katika kambi ya Poitiers, Padri Jean Fleury, Mjezuiti, aliwasaidia, na kisha vita akaendelea na kazi ya utume kati yao.

2. Sababu gani mtoto anaomba?

Tutenganishe vizuri, kwa maana asiyetenganisha hafundishi. Watoto waombaji ni wa namna tatu.

Wa kwanza ni mtoto anayeomba pamoja na mama yake, kwa sababu nyumbani hakuna chakula. Huyu ni masikini, si mwovu, na mama yake si mwovu.

Wa pili ni mtoto anayeomba kwa sababu hana kazi nyingine ya kufanya mchana. Wenzake wako masomoni. Yeye alirudishwa, ao aliingia akachekwa akatoka. Njia ya soko ikawa darasa lake.

Wa tatu ni mtoto ambaye mtu mkubwa anamtuma, anamhesabia feza jioni, na anampiga kama hazitoshi. Huyu ni mfungwa, na yule mkubwa ni mkosefu mbele ya Mungu na mbele ya sheria. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2011 juu ya biashara ya watu inahesabu kuombesha watu kwa nguvu kuwa namna moja ya kuwanyonya. Italia, mwaka 2009, iliweka sheria ya kumwazibu mtu anayemtumia mtoto wa chini ya miaka 14 katika kuomba.

Ubaya wa watu wengi ni huu: wakimwona mtoto wa tatu mara moja, wanawahukumu wote kuwa hivyo. Na ubaya wa wengine ni kinyume chake: kwa kuwahurumia wa kwanza, wanamfunika mwovu wa tatu. Padri na katekista wanapaswa kujua mtoto aliye mbele yao ni yupi. Na njia ya kujua ni moja tu: kwenda kwao.

3. Dawa mbaya mbili

Dawa mbaya ya kwanza ilikuwa kumkamata mtoto na kumtenga na wazazi wake. Mwaka 1773 Malkia Maria Theresia wa Austria aliamuru watoto wa Warom waondolewe kwa wazazi, wapewe jamaa nyingine za kuwalea. Alifikiri anawafanyia mema. Watoto wengi walitoroka wakarudi kwa mama zao.

Pengine mtu atasema: « Hayo ni mambo ya zamani. » Sivyo. Katika Uswisi, tangu mwaka 1926 mpaka mwaka 1973, shirika moja la kusaidia watoto, jina lake Pro Juventute, liliwaondoa watoto karibu 600, wengi wao Wayenishi, kutoka jamaa zao zilizokuwa zikisafiri. Wengine waliwekwa katika nyumba za yatima, hali wazazi wao wangali wazima. Wengine kwa wakulima wakawafanyisha kazi. Wengine hata katika nyumba za wagonjwa wa akili na gerezani. Majina ya ndugu zao yalifichwa. Gazeti moja lilitangaza jambo hilo mwaka 1972, na mwaka 1986 Rais wa Uswisi, Alphons Egli, aliomba radhi mbele ya watu wote. Waliotenda hayo hawakuwa wanyang'anyi wa njiani; walikuwa watu wenye kalamu, wenye kusema « kwa faida ya mtoto ». Ndiyo sababu tuogope.

Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya malezi la tarehe 28 Oktoba 1965, umefundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza wa watoto wao. Halikuandikwa kwa ajili ya wazazi wenye nyumba za matofari peke yao. Mvuvi wa kambini ni mlezi wa kwanza wa mwanawe, sawasawa na mkubwa wa Serikali. Anayeweza kumtoa mtoto kwa wazazi ni mwamuzi wa sheria, wakati maisha ya mtoto yako hatarini. Umasikini peke yake si hatari ya namna ile.

Dawa mbaya ya pili ilikuwa nyepesi kuliko ya kwanza, lakini nayo iliumiza: kuwaweka watoto wa Warom katika darasa lao peke yao. Katika Italia, tangu mwaka 1965, zilianzishwa darasa za watoto wa Warom kwa mapatano ya wizara ya masomo, chuo kikuu cha Padova na Opera Nomadi, shirika lililoanzishwa na Padri Bruno Nicolini. Jina lao lilikuwa « Lacio drom », maana yake « safari njema ». Nia ilikuwa nzuri: kumpokea mtoto ambaye jana hakuwa na mlango wo wote. Lakini darasa la kando linazoea kuwa la kando. Mtoto anajifunza kidogo, na watoto wengine wanajifunza kwamba yeye si mwenzao. Mwaka 1982 darasa hizo zilikwisha, watoto wakaingia pamoja na wenzao.

Katika nchi ya Cheki ilikuwa mbaya zaidi: watoto wengi wa Warom walitumwa katika masomo ya watoto wenye upungufu wa akili, kwa sababu ya mitihani isiyoangalia lugha yao na maisha yao. Watoto 18 wa mji wa Ostrava walipeleka shauri lao mbele ya Mahakama ya Ulaya ya haki za watu, Strasbourg, na tarehe 13 Novemba 2007 mahakama iliamua kwamba walitendewa kwa ubaguzi. Tujifunze neno hili: mtoto asiyejua lugha ya mwalimu si mjinga. Ni mgeni tu.

4. Dawa njema: masomo yenye miguu

Katika Ufaransa, tangu miaka ya 1980, Mafureri wa masomo ya Kikristu, watoto wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji de La Salle, pamoja na waalimu wengine, walifanya jambo rahisi. Walikamata kamioni, wakaweka ndani meza ndogo, ubao na vitabu, wakaenda mpaka pale jamaa zinaposimamisha nyumba zao za magurudumu. Mtoto anapanda, anajifunza kusoma na kuandika; mama yake anasimama mlangoni, anaona kwa macho yake kwamba mwalimu hamdharau. Kamioni haikuwekwa kusudi mtoto akae ndani yake miaka yote. Ni daraja: leo kamioni, kesho masomo ya kijiji pamoja na wengine. Hapo ndipo inapopita darasa la kando: darasa la kando linafunga mlango, kamioni inaufungua.

Uingereza walipita njia nyingine. Sheria yao ya mwaka 1908 ilikubali kwamba mtoto wa jamaa inayosafiri kwa ajili ya kazi ahudhurie nusu-siku 200 wakati wa baridi, jamaa inapotulia, asihesabiwe kuwa mtoro wakati wanapokuwa njiani. Baadaye walikubali pia mtoto aandikwe katika masomo mawili pamoja: ya pale anapokaa kwa kawaida, na ya pale anapopita. Akirudi, nafasi yake ingali ipo. Jambo dogo la karatasi, lakini linamwambia mtoto: « Tunakungoja. »

Eklezia nayo ilijifunza kufuata. Tarehe 26 Septemba 1965 Baba Mtakatifu Paulo VI alikwenda Pomezia, karibu na Roma, katika kambi ya Warom, akawaambia kwamba hawako kando ya Eklezia, bali wako moyoni mwake. Mwaka 2005 Vatikano ilitoa maelekezo juu ya utume kati yao. Tarehe 2 Juni 2019, katika mji wa Blaj, Romania, Baba Mtakatifu Fransisko aliwaomba msamaha kwa jina la Eklezia, juu ya ubaguzi na mateso waliyopata. Nani awezaye kuogopa kuomba msamaha, Papa akiwa ametangulia?

5. Tutoe feza ao tusitoe?

Ndilo swali mnaloniuliza mara nyingi. Wengine husema: « Ukimpa mtoto feza, unamfundisha kuomba. » Wengine: « Yezu amesema, akuombaye mpe. » Mtakatifu Thomas wa Aquino atatusaidia.

Katika Summa, sehemu ya pili ya pili, swali la 32, anaonyesha kwamba sadaka ni za namna mbili: za mwili na za roho. Kumlisha mwenye njaa ni sadaka ya mwili. Kumfundisha asiyejua ni sadaka ya roho. Kisha anauliza iliyo kubwa ni ipi. Anajibu kwamba, kwa asili yake, sadaka ya roho ni kubwa kuliko ya mwili. Lakini pengine, kwa shida ya wakati ule, ya mwili inatangulia, kwa kuwa mtu anayekufa na njaa anapaswa kulishwa mbele ya kufundishwa.

Tazameni namna maneno hayo yanavyotupa njia. Mtoto mwenye njaa, mpe chakula leo. Usimhubiri tumbo likilia. Lakini usiishie hapo, kwa maana umetoa ile sadaka ndogo na kubakisha ile kubwa. Darasa ni sadaka. Nafasi kwenye benchi ni sadaka. Mkubwa wa masomo anayemwandika mtoto katikati ya mwaka ametoa sadaka kubwa kuliko yangu ya siku tatu za Mungu.

Hata sheria za dunia zimeanza kuona kwamba kuazibu umasikini si haki. Mwanamke mmoja Mrom wa Romania, asiyejua kusoma, alitozwa franka 500 katika mji wa Geneva kwa sababu ya kuomba. Hakuweza kulipa, akafungwa siku tano. Tarehe 19 Januari 2021 ile mahakama ya Strasbourg iliamua kwamba azabu hiyo ilivunja heshima yake ya utu. Tufikiri pia hivi: kama mwanamke huyu, alipokuwa mtoto, angalipata masomo yanayomngoja, pengine asingalifika kwenye njia ile ya Geneva.

Pengine mtu atasema: « Lakini wazazi wenyewe wanapenda zile feza. Mtoto analeta kila jioni. Masomo hayaleti kitu. » Ni kweli, na tusijidanganye. Mtoto wa masikini ana kazi nyumbani: kijana anavuta nyavu, msichana anabeba mdogo wake. Kumwambia mama « peleka mtoto masomoni » bila kuuliza nani atabeba kitoto, ni kusema upepo. Kwa hiyo kazi haianzi na mtoto; inaanza na mazungumzo na baba na mama, mara nyingi, kwa heshima, chini ya kivuli chao.

6. Na sisi?

Hatuna Warom kwetu. Lakini tunao wavuvi wanaofuata samaki kutoka kambi mpaka kambi. Tunao wachimbaji wa madini wanaohama shimo likiisha. Tunao waliokimbia vita. Watoto wao ni wasafiri. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006 imesema kwamba masomo ya msingi ni bure katika masomo ya Serikali, na tangu mwezi wa 9 wa mwaka 2019 jambo hilo lilianza kutendeka, pamoja na katika masomo yetu yaliyo chini ya mapatano na Serikali. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inamhesabu mtoto mwombaji kuwa mtoto anayehitaji ulinzi, si mkosefu. Basi mlango wa sheria uko wazi. Tusiufunge kwa karatasi.

Naomba mambo manne, madogo, yasiyopita nguvu zetu.

Kwanza: mtoto akifika katikati ya mwaka bila karatasi ya alama, aingie. Mwalimu amjaribu kwa kusoma na kuhesabu, amweke katika kalasi inayomfaa. Karatasi itatafutwa yeye akiwa ndani.

Pili: mtoto wa msafiri apewe daftari moja la kwenda nalo. Mwalimu aandike humo mahali alipofika katika kusoma na hesabu, atie sahihi. Mwalimu wa kambi nyingine aendelee pale.

Tatu: katekista wa kambi awe macho yetu. Yeye ndiye wa kwanza kuona mtumbwi mpya ukitua. Aandike watoto, awajulishe padri na mkubwa wa masomo juma lile lile. Kama anaona mtu mkubwa anayewatuma watoto kuomba, asinyamaze.

Nne: hakuna mtoto atakayechekwa kwa nguo yake, harufu ya samaki ao lugha yake. Mwalimu akicheka, watoto wote watacheka.

Ndugu makatekista, msifikiri kwamba asiyesoma ni adui wa masomo. Mwenye heri Ceferino Giménez Malla, Mrom wa Hispania, mwuza farasi wa Barbastro, hakujua kusoma wala kuandika. Lakini aliwakusanya watoto, akawafundisha sala na kuwasimulia habari za Biblia. Aliuawa mwaka 1936 kwa kuwa alimtetea padri na hakukubali kuiacha rozari yake; Yohane Paulo II alimtangaza mwenye heri tarehe 4 Mei 1997. Na mwenye heri Emilia Fernández Rodríguez, Mrom msusi wa vikapu, alijifunza rozari gerezani kwa mfungwa mwenzake. Aliahidiwa kufunguliwa kama angemtaja yule aliyemfundisha. Alikataa, akafa mwaka 1939. Watu waliowaita Warom « wasiofundishika » waone: mmoja alikuwa mwalimu, na mwingine alikufa asimsaliti mwalimu wake.

Mtoto yule wa mlangoni aliingia darasani mwezi wa tatu. Alikaa kwetu mpaka mwezi wa sita, kisha jamaa yake ikahama na nyavu zao. Alikwenda na daftari lake. Sikupata habari zake tena. Naomba tu kwamba pale alipofika, mlango wa masomo, na hasa kama ni wetu, haukumwambia angoje.